Mpelelezi Plum Kwenye Benchi la Kituo

Jumamosi mchana, katika sinema ya weusi pale Mtaa wa State, Chicago, Odessa Gaines alikaa safu ya tatu akimsomea Mama Tibbs maandishi ya kwenye picha. Filamu za miaka ile zilikuwa bubu, na kila safu ilikuwa na msomaji wake kwa ajili ya wazee waliotoka Kusini bila kuonja shule. Ujira wake ulikuwa karanga.

Iliyoonyeshwa ilikuwa ya Mpelelezi Plum, mweusi kama wao, mwenye suti ya drafti na ndevu za bandia zisizokubali kushika. Kama wapelelezi wa hadithi za magazeti yao, hujigeuza mfagizi, maana mbele ya mfagizi wakubwa husema lolote. Safari hii alikuwa akimkimbiza mwizi wa bata mzinga wa shemasi. Alijikwaa kwenye ndoo, ukumbi ukacheka. Kisha akasimama, akavua kofia, akatazama safu ya tatu. Maandishi yakatokea, na Odessa akayasoma kwa sauti yake ya siku zote.

"Na wewe mama, umeibiwa nini?"

"Mwanangu Cleophus," Mama Tibbs akajibu. "Walimpiga risasi pale lango la machinjio. Wakasema ni watu wasiojulikana."

Plum akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenye picha kwa upande wa kushoto. Mpiga kinanda akaendelea, polepole kidogo. Mtu wa nyuma akanung'unika kwamba yeye kalipa aone bata. Mwenzake akamwambia atulie, bata mwenyewe si wa mamake.

Jumamosi iliyofuata Plum alirudi, viatu vimejaa tope la machinjio, ndevu kazitia mfukoni. Odessa aliona anakotazama kabla maandishi hayajatoka: mlangoni, aliposimama Konstebo Hanlon, anayeingia bure kila wiki. Halafu jina hilohilo la Hanlon likajaa pazia zima.

Odessa hakulisoma. Mumewe alifanya kazi machinjioni, na Hanlon ndiye askari wa lango lile.

Mama Tibbs akamshika mkono. "Soma, mwanangu. Nimechoka kulijua peke yangu."

Odessa akasoma. Msomaji wa safu ya nne naye akasoma, na wa tano, kila mmoja kwa wazee wake, hadi jina likafika mlangoni. Hanlon akacheka mpaka karanga zikamwagika. Aliambiwa ni filamu ya kuchekesha.

Jumatatu Mama Tibbs alikwenda kituo cha polisi. Karani akamwambia shahidi aje mwenyewe. Plum akaja, wa kijivu, mwembamba kama karatasi, akitetema kidogo kama mwanga wa taa. Karani alimtazama, akamwonyesha benchi la nyuma, asubiri kuitwa.

Mpaka leo hajaitwa. Filamu imeshapelekwa Kansas City bila yeye. Huko mwizi anakimbia na bata wake, hafukuzwi na mtu, na inasemekana watu wanacheka vilevile. Mume wa Odessa hana kazi tena. Mama Tibbs, akimaliza kufua nguo za watu, hupita kituoni akakaa na Plum. Hanlon anapoingia zamu, Plum hukunja miguu yake, maana Hanlon haangalii anapokanyaga.