Chumba cha Dhahabu

Miaka yangu yote Benki Kuu sikuwahi kuingia chumba cha dhahabu. Usicheke, ndivyo kazi ilivyokuwa. Mlango ulifunguliwa kwa funguo mbili: mmoja wangu, mwingine wa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye aliyeniombea kazi. Tulizungusha pamoja, kisha mimi nikabaki nje, naye akaingia na gavana wa benki kukagua. Utaratibu huo tuliurithi kwa wakoloni pamoja na jengo, na niliushika kama dini. Nchi changa, bendera bado haijapauka, na mimi ndiye ninayelinda kinachozipa noti zetu thamani! Hata sokoni nilikwenda kifua mbele.

Mama alipofariki, niliomba ruhusa. Shemeji akanishika bega.

"Mmoja wetu lazima abaki. Ufunguo wangu atashika gavana, acha mimi niende nikuwakilishe."

Nikakubali. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kwenye kiti changu mbele ya mlango wa chuma. Ndugu zangu walininunia kuanzia siku hiyo. Dada yangu alisema nimemuuza mama kwa mshahara, na aliingia kaburini hasemi nami. Nilimeza tu. Nilijua nailinda nchi.

Wiki iliyopita benki ilitualika wastaafu. Chumba kile sasa ni makumbusho ya historia ya benki. Niliingia kwa mara ya kwanza. Rafu zilikuwa na rangi yake ya kiwandani, bila mchubuko hata mmoja. Binti anayetembeza wageni akaeleza, huku akitabasamu, kwamba humu haikuwahi kuwekwa dhahabu. Akiba yote ilibaki ng'ambo, kwenye benki ya waliotutawala. Hilo ndilo lililokuwa sharti la sisi kuwa na noti zetu wenyewe. Wananchi hawakuambiwa. Wageni wakacheka. Mimi nilihisi nimevuliwa nguo hadharani.

Shemeji nilimkuta uani, anapuliza chai.

"Ulijua?"

"Gavana aliniapisha, shemeji. Watu wangejua, nani angezitaka zile noti?"

"Nani kakuuliza noti? Nalinda hewa, mama yangu anafukiwa!"

"Ungeondoka, ufunguo wako angeshika mwingine, na huyo angetaka kuchungulia. Wewe hata kuuliza hukuwahi. Ndiyo maana nilikuombea ile kazi."

Alisema kwa upole, kama vile ananisifu. Nilitamani kummwagia ile chai.

"Na ndugu zangu uliwaambia nini kule msibani? Kwamba nimezuiwa?"

"Ningesema umezuiwa, wangekuja kwa gavana kukuombea ruhusa. Unamjua dada yako alivyokuwa."

"Uliwaambia nini?"

Akaweka kikombe chini.

"Niliwaambia nimekusihi uje, umekataa."