Zabibu Zisizooshwa

Mdogo wangu alimwaga chachu ya mama kwenye sinki la jikoni, akasuuza chupa kwa maji ya moto, akaiinamisha kwenye kichanja ikauke. Ndivyo nilivyoikuta niliporudi kutoka kwenye duka letu la mikate: inang'aa, haina hata harufu. Chachu ile mama aliianzisha kwa zabibu kabla sisi hatujazaliwa. Aliilisha unga na maji kila asubuhi, na kila mkate uliotuvisha na kutusomesha ulitoka humo.

"Ilikuwa imeoza, Dada," akaniambia. "Ilikuwa na povu. Inanuka."

"Inanuka! Wewe si umekulia kwenye harufu hiyo hiyo?"

Nilimtukana, na sijutii. Tangu daktari aseme kwamba damu ya mama haina tena nguvu ya kupambana na vijidudu, mdogo wangu alikuwa amegeuka adui wa kila kilicho hai. Alichemsha vijiko. Alipiga pasi shuka mpaka zikaungua pembeni. Alitusimamisha mlangoni tunawe kama tumetoka kuchinja. Nikampachika jina la Sabuni. Yeye alimuuguza mama, mimi nikabaki na tanuri na wateja, na kila mmoja alidhani mzigo mzito ni wake.

Mama alitusikia. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema kutoka kitandani.

"Hata chachu, Mama," nikamjibu, nikaenda kulia kwenye magunia ya unga.

Dukani kwetu hakuna aliyethubutu kutia unga kwenye karai kabla ya mama kuonja chachu. Alichovya kidole, akalamba, akasema "bado" au "tayari", basi. Niliwahi kumbishia mara moja, nikaoka matofali. Mpaka leo fundi mwashi wa jirani huniuliza kama yamebaki.

Haukupita muda mama akaacha kula. Uji aliusukuma, supu aliifumbia mdomo. Alitamani kitu kimoja tu: kipande cha mkate wake, wa chachu, wenye ganda gumu. Nilimpelekea mkate wa hamira, ungali moto, ule niliokuwa nikiwauzia wateja tangu siku ile ya sinki. Akaunusa, akaurudisha kwenye sahani.

"Huu haukulala," akasema. "Umekurupushwa."

Basi nikaanza upya. Mama alinielekeza nitafute zabibu zisizokaushwa, zilizoiva vizuri, zenye ule utando mweupe kama vumbi unaobaki kidoleni ukizigusa. Niziponde, nichanganye na unga na maji, nifunike kwa kitambaa, kisha nisubiri na kulisha. "Uhai uko kwenye ganda," alisema. Nilinunua kichala kizuri sokoni, nikakiacha kwenye bakuli jikoni, nikakimbilia tanuri. Jioni nikaziponda.

Hakuna kilichotokea. Kila asubuhi nilifunua kitambaa nikakuta unga umezama chini na maji ya kijivu juu yake, kimya. Mwishowe ikaota ukungu wa pinki. Mama naye alizidi kukonda. Alijikaza kisabuni, lakini sabuni yenyewe ilikuwa inaisha. Nilimlaumu muuza unga, nikalaumu chupa, nikalaumu hali ya hewa. Kisha nikavaa viatu niende nikamtie adabu yule muuza matunda aliyeniuzia zabibu mfu.

"Usiende," mdogo wangu akasema, amesimama mlangoni. "Niliziosha."

"Uliosha nini?"

"Zabibu. Ulipoziacha kwenye bakuli. Kwa maji ya moto na chumvi. Zilikuwa na vumbi jeupe, Dada. Nikaona mama atakula vumbi."

Nilinyanyua mkono. Tangu utotoni sikuwahi kumpiga, ila siku ile ningempiga. Hakukwepa. Aliinua mikono yake kidogo tu, nikaiona: imechubuka, vidole vimepasuka kwenye viungo, vinavuja damu kwa sababu ya sabuni. Nikashusha wangu. Hasira haikuisha, ilikosa tu pa kutua.

"Njooni hapa nyote wawili!" mama akaita. Ukuta wa jikoni ni mwembamba. "Leteni zabibu nyingine, nizichambue mwenyewe. Mkiuana nyie, mimi nitazikwa na nani?"

Nilipozileta, Sabuni alikuwa tayari na beseni. "Unawe kwanza, Mama."

"Toa huko. Mikono hii ilikukogesha hujui hata kukaa, na hukufa."

Ilimchukua muda mrefu. Alizinyofoa kwenye kikonyo moja moja, nyingine zikamponyoka zikabingirika kwenye shuka. Alizibinya ndani ya chupa mpaka maji yake yakamtiririka kwenye kiwiko. Mdogo wangu alishika kitambaa cha kumfutia, hakumfuta. Nikatia unga na maji, nikaifunika chupa kwa kitambaa, tukaiweka kwenye stuli kando ya kitanda, na mama akawa analala ameigeukia.

Daktari alipokuja tena hakukaa sana. Alituita nje ya chumba. "Mpeni chochote anachokitaka," akasema.

"Hata kisichochemshwa?" mdogo wangu akauliza.

"Hata kisichochemshwa."

Mdogo wangu akaingia bafuni, akafungulia bomba, akaliacha litiririke. Nami nilijua kwamba haogi.

Vipovu vilianza kuonekana chupani, vidogo, vichache, kama macho ya uji unaokaribia kuchemka. Nikamwambia mama inapumua. Akafumbua mdomo. Mdogo wangu alimwinua kichwa, mimi nikachovya kidole changu, kidole hiki kisichooshwa, nikamwekea kwenye ulimi. Akafumba macho, akaonja kwa utulivu ule ule wa dukani.

"Bado," akasema.

Hakusema neno jingine. Alifariki kesho yake alasiri, mimi nikiwa natoa mikate ya hamira tanurini.

Tulipotoka makaburini na wageni kutawanyika, tuliingia chumbani kwake kukunja godoro. Chachu ilikuwa imekisukuma kitambaa, imefurika, inashuka kwenye mguu wa stuli hadi sakafuni. Nilingoja mdogo wangu akimbilie ndoo na dekio. Badala yake akakaa chini kando ya stuli, na nguo yake nzuri.

"Onja, Dada."

"Onja wewe."

"Mimi sijui. Wewe ndiye uliyekuwa unasimama naye."

Nikachovya kidole. Ilitangulia uchachu, kisha nyuma yake ukaja utamu wa zabibu. Hata mtoto angejua kwamba iko tayari. Unga ulikuwepo, tanuri lilikuwa bado lina joto. Mdogo wangu alikuwa ananitazama vile nilivyokuwa nikimtazama mama.

"Bado," nikasema.

Mdogo wangu akaokota kitambaa, akaifunika tena taratibu.