Buluu ya Muigai

Kucha zangu zilikuwa buluu tangu niajiriwe katika kiwanda cha nguo pale Thika, idara ya kutia rangi, na mume wangu Ibra alikuwa akinitania kwamba nilioshwa kwa wino nilipozaliwa. Siku moja tu, mwaka wa tisini na nne, niliichukia rangi hiyo kwa moyo wangu wote.

Ibra alikuwa akipiga dawa ya magugu katika shamba la kahawa Ruiru, pamoja na Muigai, jirani yetu wa Gitothua. Muigai alikuwa na tabia ya wapiga dawa wengi: kuiba dawa kidogo kwa chupa ya soda, akaue kwekwe kwenye mahindi yake. Ikiisha, anaisuuza chupa mtoni na kuendelea kutembea nayo. Asubuhi hiyo Ibra aliikuta kwenye nyasi, akaijaza chai ya strungi kutoka kantini, akanywa. Ndipo Muigai akamuuliza hiyo chupa ameitoa wapi.

Muigai alimkimbiza hospitali Thika, kisha akaja kuniita kwenye geti la kiwanda. Nilimtukana njia nzima.

Daktari Wamalwa hakunificha kitu. Alisema dawa ile hutokana na kemikali ya bipiridini, yenye umbo la pete mbili zilizoshikana mkono. Ikiingia mwilini huenda kwenye mapafu na kuyachoma polepole. Mtu anaongea vizuri, anakula, na baada ya siku chache pumzi inamwishia.

"Kama imeingia, mkojo wake utatuambia," alisema. "Ukitiwa unga wa haidro, unageuka buluu. Shida ni kwamba haidro yetu imeisha." Kisha akaziona kucha zangu. "Mama, unafanya kazi wapi?"

Haidro sisi tulikuwa tukiitia kwenye pipa la rangi kila siku ili kuiondoa buluu, rangi igeuke manjano na kuingia vizuri kwenye uzi. Kumbe kwa sumu hii inafanya kinyume. Nilirudi kiwandani mbio, na msimamizi wangu Warigia akanichotea kwenye mkebe bila kuniuliza maswali.

Alasiri daktari alimimina mkojo wa Ibra kwenye glasi, akatia magadi kidogo na haidro. Nilikodoa macho. Ukabaki manjano. Nilianza kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Bado, mama," daktari alisema. "Haidro ikipigwa na hewa inakufa. Kama hii imekufa, bado hatujui kitu."

Nilimchukia yule mtu. Nilimwambia mkebe niliufunga kwa mikono yangu mwenyewe. Alichukua glasi nyingine. Alitaka mkojo wa mtu mwenye afya, autie tone la dawa yenyewe ya magugu. Ukigeuka buluu, haidro ni nzima na Ibra ni salama.

Sote wawili tukamtazama Muigai, aliyekuwa ameketi pembeni. Alienda msalani, akarudi na mkojo wake. Dawa nayo daktari alikuwa amemwagiza mapema akailete kutoka shambani, na sasa Muigai akaitoa ndani ya koti. Ilikuwa kwa chupa ya soda.

"Muigai," nilisema, "wewe ni mtu wa aina gani?"

"Sasa ningeibeba na nini, Mama Ikhlas?"

Daktari alitia tone moja, akafuatisha magadi na haidro. Glasi ikawa buluu kabisa, kuliko pipa lolote nililowahi kukoroga. Nilikaa sakafuni nikilia, na kicheko kikanitoka humo humo. Nilikuwa na furaha mpaka nikamsamehe Muigai, kwa siku hiyo.

Ibra akasikia kilio changu kutoka wodini. Alikuja akijishikilia ukutani, akasimama mlangoni, akaiona ile glasi ya buluu mezani. Alikuwa ameambiwa kwamba buluu maana yake ni sumu.

"Basi," alisema taratibu. "Umtunze Ikhlas."

"Hiyo si yako," nilimwambia. "Yako ni ile ya manjano. Hiyo buluu ni ya Muigai."

Ibra alikuwa hajamsemesha Muigai tangu asubuhi. Alimsogelea sasa, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Na wewe ulikunywa saa ngapi?"