Kumsimamia Mama Mkwe

Siku Matiko alipopewa ukaimu wa Msimamizi wa Mauzo, ofisi yetu ya Musoma ilipiga makofi mpaka wauza samaki wa nje wakachungulia dirishani. Na mimi nilipiga. Ila nilikuwa najiuliza swali moja, na nilimwangalia Matiko nikajua analo lilelile: Butiama ataendaje?

Maana Butiama ndiko aliko Marieta, na Marieta ndiye mama mzazi wa Lilian, mke wa Matiko.

Ngoja niwapangie ngazi zetu, msije mkapotea. Sisi tunauza dawa za mifugo na yale mawe ya chumvi ya ng'ombe kulamba. Chini kabisa kuna mawakala wenye maduka. Juu yao tupo maofisa mauzo: mimi Scholastika nina Musoma, Matiko alikuwa na Bunda, Marieta ana Butiama. Juu yetu msimamizi, na juu yake meneja wa kanda, Bwana Revocatus, anayekaa Mwanza. Watu wa masoko ni ukoo mwingine kabisa. Wanakuja na spika na fulana, wanacheza muziki mnadani, wakishaondoka sisi ndio tunabaki kubembeleza wateja. Sasa msimamizi ana kazi moja isiyokwepeka. Lazima atoke na kila ofisa kutwa nzima, asimame naye mbele ya wateja, halafu amwambie usoni wapi amekosea.

Amwambie mama mkwe usoni. Kwetu huku mwanaume akimwona mama mkwe njiani anaingia majanini ampishe. Hali chakula mbele yake, hakai naye chumba kimoja. Walipokuwa maofisa wote wawili tulishazoea: siku ya kikao Marieta anakaa ndani, Matiko anasikilizia mlangoni, anasema ndani kuna joto. Bwana Revocatus, mgeni wa watu, aliamini hilo joto.

Basi kaimu akaanza kazi. Alitoka na mimi Kamunyonge na Nyegina, akanisema kweli kwamba naongea kuliko ninavyouza. Alikwenda Bugwema, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Butiama kila wiki palikuwa na sababu. Mara pikipiki inavuja mafuta, mara mvua, mara tumbo.

Jumapili moja watu walijaa kwangu kama kawaida, na habari ikawa hiyo.

"Si atoe mbuzi tu, wazee waondoe hiyo aibu," alisema Esther, jirani yangu.

"Mbuzi huyo haliwi haraka," nikamjibu. "Inatakiwa ukoo wa kina Lilian wakae wote, na sasa hivi wako matangani."

"Basi amwambie bosi ukweli."

"Nilimwambiaga Matiko hivyo hivyo. Anasema ataonekana mshamba, nafasi wapewe hao vijana waliosoma chuo."

"Na Lilian huko Bunda ameshaanza kuitikia 'mke wa msimamizi'," alisema Esther, na nyumba nzima ikacheka. Mimi sikucheka sana.

Wiki ileile Bwana Revocatus akatua. Hakukaa hata kwenye kiti. "Matiko, ofisa wetu anayeuza kuliko wote yuko Butiama na wewe hujawahi kutoka naye. Watu wananiambia unamwogopa kwa sababu anakuzidi. Kesho ni mnada. Nikikuona unamwongoza, nakuthibitisha. Nisipokuona, unarudi Bunda."

Matiko alinifuata nje. Alikuwa anazungusha funguo za pikipiki kidoleni, zinaanguka, anaokota, anazungusha tena.

"Dada Scho, twende wote. Utasimama katikati."

"Katikati ya nini?"

"Wewe simama tu."

Mnadani tulimkuta Marieta mbele ya meza yake, mawe ya chumvi yamepangwa, wafugaji wamemzunguka. Alikuwa anamwambia mzee mmoja kwamba ng'ombe wake wanalamba udongo kama wajawazito, na watu wanacheka. Alipomwona Matiko akakatisha maneno, akavuta khanga mpaka usoni, akageuka. Matiko naye akageukia ng'ombe wa watu, akaanza kukagua pembe. Migongo ikatazamana.

"Haya," alisema Bwana Revocatus. "Anza."

Matiko akakohoa. "Dada Scho, mwambie mama, meza ingekaa karibu na josho ingekuwa vizuri."

Nikasema, "Mama, anasema meza ingekaa karibu na josho."

"Mwambie baba," alisema Marieta ndani ya khanga, "huko josho ng'ombe wanapita mbio, hasimami mtu."

Nikapeleka. Nikarudisha. Wafugaji walielewa zamani, wakawa wameshika midomo. Bwana Revocatus alitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyepanda gari silo.

"Hawa wamegombana?"

"Hapana, bosi," nikasema. "Ni mtu na mkwe wake."

Nikamweleza yote, mpaka joto la kikaoni. Alisikiliza, akajifuta jasho. "Mila ni mila, mimi sigombani nayo. Lakini msimamizi asiyeweza kuongea na ofisa wake si msimamizi. Nafasi iko wazi."

Mabega ya Matiko yalishuka. Nilitaka kumtetea, ila Marieta aliniwahi.

"Scholastika, muulize bosi kama nafasi iko wazi kwa watu wote."

Bwana Revocatus akasema iko wazi.

"Basi mwambie naiomba. Nilikuwa nauza kabla huyu baba hajamuona mwanangu. Walipompa nilinyamaza kwa sababu ni mkwe, sikutaka kushindana naye. Sasa sishindani na mtu."

Bwana Revocatus akamgeukia Matiko. "Una la kupinga?"

Sasa atapinga nini? Mkwe hampingi mama mkwe mbele za watu, na Marieta alilijua hilo vizuri. Matiko alikuwa amemshika ng'ombe wa mtu pembe, mwenyewe anamwangalia tu.

"Dada Scho," alisema taratibu, "mwambie mama sina."

"Lakini tatizo si ni lilelile?" niliuliza. "Yeye naye itabidi atoke na huyu Bunda."

"Mtapanga wenyewe," alisema Bwana Revocatus. Akaandika kitu kwenye simu, akampa Marieta mkono, akaondoka.

"Mwambie baba," alisema Marieta, "mnada ujao wa Bunda nitatoka naye. Na wewe uje."

"Mwambie nimesikia," alisema Matiko.

Wafugaji walianza kurudi mezani. Matiko hakuondoka. Nikadhani anasubiri neno, kumbe pikipiki tulikuwa tumeiegesha nyuma ya meza ya Marieta kabla hajatuona, na njia ilikuwa moja, inapita mbele ya uso wake. Alihamishia uzito mguu huu, akahamishia ule. Alininyooshea funguo bila kuniangalia, nikaenda kuisukuma.