Woga Haupandi Ndege

Jumatatu saa mbili asubuhi Kaswera alipiga magoti kwenye baraza la ofisi ya shirika la misaada mjini Goma, akamshika mbwa aitwaye Pistache nyuma ya masikio, akaanza kumtoa woga. Kando yake fundi seremala Ndayambaje alikuwa anampima mbwa huyohuyo kwa futi ya chuma, kutoka pua hadi shina la mkia, kutoka sakafu hadi ncha za masikio. Mbwa anayesafiri kwa ndege lazima aweze kusimama bila masikio kugusa dari ya sanduku, ageuke mzima, alale na miguu ameinyoosha. Matundu ya hewa yawe pande zote nne. Ziwe skurubu, si misumari, maana msumari hulegea ndege ikitikisika. Maji ya kunywa hugandishwa barafu ndani ya bakuli lililofungwa mlangoni, ili yasimwagike ndege ikipaa, na mbwa apate kulamba kidogo kidogo njia nzima. Ndayambaje aliyajua haya yote kwa kichwa, na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga hata ngazi ya ndege.

Sindano ya usingizi ilikuwa imekataliwa. Daktari wa mifugo alieleza kwamba mbwa aliyelazwa kwa dawa anaweza kusahau kupumua huko juu, na ndege haipendi kushusha mizoga. Ndipo shirika, lililokuwa linawaondoa wanyama wa wafanyakazi wake wa kigeni kabla vita havijafika, likamwajiri Kaswera. Babu yake alikuwa mchinjaji kule Lubero, na kabla ya kuchinja alikuwa akimtoa ng'ombe woga kwa vidole gumba, kuanzia nyuma ya masikio akishuka na uti wa mgongo, hadi uishie kwenye ndoo. Watu walitembea nusu siku kufuata nyama yake kwa jinsi ilivyokuwa laini. Vidole hivyo Kaswera alivirithi, dada zake wakarithi mashamba.

Woga ukishatoka hauna rangi wala harufu. Ukiuona utaapa ni maji. Mbwa aliyeletwa Goma mwezi jana hutoa kikombe kimoja. Mbwa aliyekaa miaka mitatu akisikiliza mabomu ya mji wa Sake ni habari nyingine, na Pistache, mkubwa na mwenye manyoya ya kutosha kujaza godoro, alijaza bidoni nzima ya lita ishirini akaanza ya pili. Kisha akapiga miayo na kulala juu ya kiatu cha fundi.

Kumtoa mnyama woga si kazi. Kazi ni kuumwaga. Babu alikuwa akichimba shimo refu kumzidi yeye mwenyewe, nje kabisa ya mashamba, akaufukia kwa majivu. Kaswera alijua sababu. Alipokuwa na miaka saba mjomba wake alirudi shambani na kiu, akainua ndoo iliyoachwa mlangoni, akanywa. Alikata ng'ombe sita kwa panga, kisha mkono wa mkewe, huku analia kwamba wanakuja kumuua. Ulipomwishia aliomba ugali. Mkono haukurudi.

Goma huchimbi shimo. Mji mzima umekaa juu ya mawe ya volkano, jembe linagonga mwamba kabla halijafika shubiri moja. Ziwani huwezi kumwaga, ndimo watu wote wanamochota. Kwa hiyo shirika liliahidi lori la kuupeleka mbali, kusikokaa mtu.

"Mama Kaswera, camion itakuja vendredi," alisema Josias, mtu wa usafirishaji wa shirika. "Weka tu kwako kwanza."

"Vendredi gani, Papa Josias? Hii ni ya tatu."

"Autorisation haiyatoka Kinshasa. Hapa ku bureau hatuwezi kuchunga ile kitu. Ni question ya sécurité."

"Na kwangu batu habaishi?"

Josias akaangalia simu yake, ingawa haikuwa imelia.

Basi Kaswera akazipakia bidoni kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akazisukuma hadi mtaani kwake Majengo kama mara zote. Nyuma ya nyumba yake, chini ya turubai, sasa zilikuwa kumi na moja. Kila moja aliifunga kitambaa chekundu kwenye mshikio. Hakumwambia mtu. Mwanamke anayetoa vitu mwilini mwa viumbe kwa vidole gumba, mtaa ukimjua, huishia na tairi shingoni na petroli juu yake. Hata Ndayambaje, ambaye alikuwa jirani yake wa ua mmoja, aliachwa aamini kwamba lori lilikuwa linakuja kila Ijumaa.

Wala hakumwambia Donatille, mke wa Ndayambaje, na hapo ndipo alipokosea. Ndayambaje na Donatille walitoka Rutshuru miaka minane nyuma, na tangu siku ile wanawake hawa wawili walikuwa na maji mamoja. Aliyeishiwa alichukua bidoni ya mwenzake bila kuuliza, akairudisha imejaa. Kitambaa chekundu hakikumwonya Donatille kitu. Goma kila nyumba huzitia bidoni zake alama, rangi au uzi au kitambaa, zisipotee kwenye foleni ya bomba. Bidoni yenye kitambaa chekundu ilikuwa bidoni ya Kaswera, na bidoni ya Kaswera ilikuwa yake.

Jumatano umeme ulikuwa umekatika siku ya sita na pampu zimesimama. Vita vilikuwa vimesogea hivi kwamba vioo vilitetemeka mchana kutwa. Kwenye kona wanaume wa mtaa waliweka kizuizi cha mawe na magogo ili wawakamate maadui wanaojipenyeza mjini, ingawa hakuna aliyejua adui aliyejipenyeza ana sura gani. Walikuwa kumi na mmoja. Mkubwa wao alikuwa mwalimu Mulumeoderhwa, aliyewafundisha watoto wa Donatille kusoma. Benny kinyozi alikuwepo, na wengine ambao viti vya nyumbani kwao vilitengenezwa na Ndayambaje. Walisimama juani tangu alfajiri bila tone la maji.

Donatille aliwaonea huruma. Ndivyo alivyo. Kaswera alikuwa uwanja wa ndege na paka wa mhasibu, Ndayambaje alikuwa ndani ya banda lake anakaza skurubu za mwisho za sanduku la Pistache. Donatille akafunua turubai, akashangaa kidogo jinsi rafiki yake alivyojaliwa maji, akachukua bidoni mbili, moja kichwani na moja mkononi. Akawamiminia kwa kikombe cha plastiki, mmoja mmoja, kama kwenye msiba.

"Mungu akubariki, Mama Donatille," alisema mwalimu, akaomba cha pili.

Yeye hakunywa. Alingoja wanaume watosheke, na walipotosheka, wakanawa nyuso na kujaza chupa zao, hakikubaki kitu. Akaenda na watoto kanisani kwenye maombi ya amani ya kila Jumatano.

Saa saba mchana mwalimu Mulumeoderhwa alisema, "Banakuya." Benny alisema hata yeye anasikia miguu yao. Dereva wa pikipiki akasimama kwenye kizuizi kuuliza kama barabara ya Birere inapitika. Walimvunja miguu yote miwili kwa jiwe moja, wakipokezana, kisha wakamwasha moto pamoja na pikipiki yake, maana alikuwa ameuliza njia. Walimuua mbuzi kwa sababu aliwatazama. Walikuwa wanatetemeka meno, na wawili walijikojolea, na hawakuacha. Kisha mmoja akakumbuka kwamba kwenye ua wa Mama Kaswera kuna mtu wa Rutshuru, kule adui anakotokea.

Ndayambaje aliwasikia kabla hajawaona. Akaangalia bandani ni kitu gani kinaweza kuhimili, akaona kimoja tu. Aliingia ndani ya sanduku la Pistache, akafunga mlango, akapitisha komeo kwa ndani ya wavu. Alikuwa amelijenga vizuri. Mbao za unene wa vidole viwili, pembe za chuma, skurubu arobaini na nane, kazi ya kuangushwa kutoka juu isipasuke. Walipiga teke. Walipiga kwa gogo. Walilibingirisha ua mzima naye ndani, likakataa kufunguka.

Basi wakatumia matundu. Alikuwa ameyatoboa mwenyewe, pande zote nne, mbwa apate hewa. Nondo ya ujenzi ilipita bila kukwaruza.

Kaswera alifika wakati huo. Aliona turubai limefunuliwa, akahesabu, akajua. Alimrukia mwalimu kwa nyuma, akambana masikio, akaanza kushusha vidole, na kweli nusu kikombe kilitoka na mwalimu akageuka kumtazama kama mtu anayeulizwa jina lake. Benny akampiga tofali la taya. Meno matatu yalidondoka. Wanaume walikuwa kumi na mmoja na vidole gumba vilikuwa viwili.

Alitambaa chini hadi kwenye mlango wa sanduku. Hawakumzuia, walikuwa wanahangaika na upande wa pili. Akapenyeza mikono kwenye wavu, pale bakuli la barafu linapofungwa, akaupapasa uso wa Ndayambaje hadi akafika nyuma ya masikio.

"Donatille iko wapi?" aliuliza Ndayambaje. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga mayowe.

"Iko kanisani. Iko muzima."

"Na batoto?"

"Iko naye."

"Toa basi, mama."

Akamtoa. Hapakuwa na bidoni karibu, ukatiririka kwenye wavu, ukapita kwenye magoti yake, ukaingia kwenye nyufa za mawe. Ulikuwa mwingi kuliko wa mbwa yeyote. Ndayambaje aliacha kupiga mayowe. Akageuka kidogo, maana sanduku lilimruhusu kugeuka, akajaribu kunyoosha miguu. Nondo ziliendelea kuingia na kutoka hadi saa tisa, naye alizitazama tu, na Kaswera hakuondoa mikono. Amechukia mikono yake tangu siku hiyo, kwa kuwa ilifanya kazi nzuri.

Woga uliwaishia wanaume wote karibu kwa wakati mmoja. Wakasimama wakiwa na kiu. Mwalimu Mulumeoderhwa alisugua viganja kwa vumbi la mbao, akasema ni vibaya sana, akaenda nyumbani. Hakuna aliyeitwa mahali popote kujieleza. Kwenye mazishi ya Ndayambaje, kesho yake asubuhi, walikuwepo tisa kati ya kumi na mmoja, na ndio waliobeba jeneza, kwa sababu mtaa wa Majengo huwa hauachi jirani azikwe na familia peke yake.

Wakati watu wanarudi kutoka makaburini, Josias alikuja na gari kuchukua sanduku. Ndege ilikuwa saa tisa. Alichungulia ndani, akavua kofia, akasema pole sana, na ilikuwa pole ya kweli, machozi yalimlengalenga. Halafu akajaribu mlango kuona kama komeo linafanya kazi. Linafanya. Ua mzima haukuwa na maji, kwa hiyo alimtuma dereva ofisini, akarudi na katoni nne za chupa za maji ya madini, za ofisi, na sanduku likaoshwa kwa hizo mpaka mbao zikarudi rangi yake. Wanawake wa matanga walisimama wakitazama povu linavyokwenda. Matundu yalikuwa sawa. Skurubu zote arobaini na nane zilikuwepo. Mtu wa uwanja wa ndege alilikagua kwa karatasi yake, akasema hajapata kuona sanduku lililofuata masharti namna ile.

"Na camion?" Kaswera alikuwa amemuuliza Josias wakati wa kupakia, kwa shida, taya limefungwa kitambaa.

"Vendredi," alisema Josias.

Usiku picha ilifika kwenye simu. Pistache alikuwa amesimama kwenye majani ya kijani, ulimi nje. Bibi mwenye mbwa alimshukuru Mama Kaswera na fundi kwa moyo wote, akasema amelala njia nzima, hata hakugusa barafu.

Asubuhi ya Ijumaa Donatille aliingia kwa Kaswera bila kubisha, kama miaka yote minane. Akakaa kwenye kigoda.

"Ile maji ya kitambaa nyekundu," alisema. "Ilikuwa maji gani?"

Kaswera alimwambia. Alianza na babu, akamaliza na lori. Mahali pa mjomba na ng'ombe sita Donatille alitikisa kichwa, kama mtu anayesikia habari za kwao.

"Miye njo nilibapa."

"Ee."

"Na mwalimu alirudilia kikombe."

"Ee, mama. Miye njo sikukuambia. Nilikuwa na haya."

Mabomu yalikuwa karibu zaidi kuliko jana.

"Nitoe yangu basi," alisema Donatille, akageuka, akampa mgongo.

Kaswera akasogea, akaweka vidole gumba nyuma ya masikio yake, akavuta taratibu hadi kiunoni. Vilitoka vikavu. Akarudia. Mara ya tatu alibonyeza hadi Donatille akaguna kwa maumivu, na hakikutoka hata cha kulowesha kucha.

"Haina kitu," alisema Kaswera. "Hauna woga."

"Najua," alisema Donatille. "Nilitaka na weye ujue."

Akasimama, akapitia mlango wa nyuma. Kaswera alisikia turubai likifunuliwa, halafu uzito wa bidoni ikinyanyuliwa juu ya mwamba, halafu ya pili. Angeweza kusimama. Miguu ilikuwa mizima, ni taya tu lililovunjika. Aliwaza mwalimu Mulumeoderhwa, na mke wake, na watoto wao wanne ambao wakati huu wanangoja maji, na jinsi ambavyo hakuna nyumba ya Majengo itakayomkatalia mjane anayepita akigawa maji.

Nje gari la shirika lilipiga honi. Kulikuwa na paka wawili na kasuku wa mkurugenzi, na walisema hiyo huenda ni ndege ya mwisho. Josias alipiga honi tena. Kaswera akachukua bidoni tupu mlangoni, akapanda gari.