Naita Kaya

Sinema ile walituonyesha mchana. Ndiyo, mchana kweupe, usinikatize. Waliziba madirisha ya darasa kubwa la shule yetu hapa Mgwashi kwa mablanketi, wakatujaza humo mpaka tukatoka jasho, na baridi yote hii ya kwetu milimani. Asubuhi nzima Landrova yao ilikuwa imezunguka na spika juu ya paa: njooni mwone filamu ya wezi na mauaji, ya Kiswahili, iliyotengenezwa na Watanzania wenyewe. Na baada ya filamu, ikasema, mtaelezwa faida za kuhamia kijiji kipya.

Hapo ndipo nilipocheka kwa uchungu. Kijiji kipya! Mwaka ule wa kuhamishana watu wote wa kilima chetu walikwishashuka barabarani, kasoro nyumba moja, ya mama yangu Elizabeti. Mwenyekiti wetu, Sefania, ni binamu yangu, tumenyonya ziwa moja, na bado alikuwa amenijia akiangalia chini na kusema, "Dada Yudith, Jumatatu wanakuja kuezua paa. Mwambie mama ashuke mwenyewe. Mimi nimeshindwa."

Nani hakushindwa? Mama hakuwa mbishi wa siasa. Alikuwa na neno lake moja tu: "Silvano akirudi atatukuta wapi?"

Silvano ni kaka yangu. Mwaka uliofuata Uhuru, mimi na yeye tulikuwa tukifanya kazi kwenye shamba la chai la Mgiriki mmoja, huko milima ya ng'ambo, karibu na Kwamkoro. Mimi nachuma, yeye kiwandani, na siku za mapumziko anaingia msituni kupasua mbao na rafiki yake. Siku moja hakurudi. Rafiki yake akasema Silvano kachoka na chai, kateremka Muheza, kapanda gari la Tanga kutafuta kazi bandarini. Tulimtafuta Tanga mpaka viatu vikaisha. Hatukupata mtu wala kaburi. Matanga hatukuweka, maana utamlilia vipi mtu aliyepanda gari? Mama akawa halali na mlango umefungwa. Komeo lile lilishika kutu ukutani. Mvua, ukungu, fisi, mlango uko wazi, na mimi mwanaye niliyerudi nyumbani nalala humo humo na upepo unanichapa miguu. Nilimpenda kaka yangu, lakini kuna siku nilimchukia kwa ajili ya ule mlango.

Basi nilimshika mama mkono nikampeleka shuleni. Macho yake yalikwishaingia mtoto wa jicho, haoni, na Kiswahili alikuwa anakijua cha salamu tu. Nikajiambia potelea mbali, akae na watu, labda atashawishika kushuka.

Na mlangoni nani anatupokea, amevaa suti ya Kaunda na kitambi kidogo cha ofisini? Faustine. Yule yule rafiki wa Silvano.

"Lo! Faustine?"

"Dada Yudith," akasema, na uso ukamfifia. Halafu akamwinamia mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu, akaushika mkono wake na hakuuachia. Akaniambia kwa Kishambaa nimuulize huyu mgeni wa mjini kama kule bandarini amemwona Silvano. Nikamuuliza. Faustine akasema hapana, hajamwona, akauchomoa mkono wake taratibu, akakimbilia mashine yake. Dereva wao akatuambia huyo ndiye aliyeitunga filamu.

Sasa lazima nikueleze habari ya sinema ya kwanza, vinginevyo hutanielewa. Yule Mgiriki alikuwa na filamu moja tu, ya kwao, ya wezi. Jumapili za mwisho wa mwezi alikuwa akitufungulia ghala la kufungia chai, anatundika shuka, na Faustine ndiye akizungusha mashine. Faustine alitoka Songea, alikuwa hajakaa sana huku kwetu. Yeye ndiye aliyekuwa akitutafsiria kwa sauti, naye Kigiriki hajui hata salamu. "Anasema nipe fungu langu! Anasema nitakuua, mshenzi wewe!" Tulikuwa tunavunjika mbavu. Hakuna aliyeelewa neno, lakini kila mmoja wetu aliijua filamu ile kama njia ya kisimani.

Wezi wawili wanaiba fedha ya kanisa, wanakimbilia milimani. Wakifika kwenye daraja la mawe mmoja anamsukuma mwenzake. Anaanguka mtoni bila kusema kitu, hata kupiga kelele hapigi. Muuaji anashuka stesheni, anapanda garimoshi, anawasha sigara, mwisho. Hakukamatwa. Tulikuwa tukimzomea kila mwezi.

Basi humo darasani, dakika chache tu, nikaishika. Nikamgusa jirani yangu Raheli, nikamnong'oneza, "Hii si ya Mgiriki hii? Kaiiba yote!" Wezi wawili, isipokuwa sasa wanaiba kwenye ghala la chama cha ushirika. Badala ya koti refu, shati la mikono mifupi. Mlevi wa hotelini wa kule Ugiriki naye yumo, amekalia kibuyu cha pombe. Nilicheka kwa raha, mimi mwenye hasira zangu, na nikawa namtabiria Raheli kila kinachokuja. Sasa watagombana. Sasa wanapanda mlima. Sasa linakuja daraja.

Daraja halikuja.

Waliingia msituni. Na ule msitu niliujua, maana pale palikuwa na mti mmoja mkubwa uliopasuliwa na radi, nusu imekauka, nusu ina majani, juu kidogo ya mashamba ya Kwamkoro. Tulikuwa tukiokota kuni chini yake. Chini ya mti kulikuwa na shimo la kupasulia mbao, la wale wanaolaza gogo juu ya shimo, mmoja anashika msumeno juu na mwenzake chini. Mwizi mmoja akashuka shimoni kuficha mali. Gogo lililolazwa juu likateleza, likamwangukia kifuani. Hakufa. Mwenzake akasimama ukingoni akimtazama.

Na yule mtu aliye chini akasema, "Naita kaya."

Akarudia, kwa lafudhi ya Dar, kila silabi imenyooka: "Naita kaya. Naita kaya."

Mtu wa Pwani atasikia mtu anaita, anaita kaya zote zije. Ndivyo walivyosikia wakubwa wa Dar, na baadaye niliambiwa kwamba waliipenda sana sehemu hiyo, mtu anakufa huku akiziita kaya zikusanyike kijijini. Lakini darasa lile lilijaa Washambaa, na kwetu kuita ni kwenda, na kaya ni nyumbani. Mtu yule alikuwa anasema: naenda nyumbani. Naenda nyumbani.

Hakuna aliyecheka. Mwenzake akachukua jembe akaanza kumfukia. Udongo unaanguka, na sauti inaendelea chini ya udongo, ikizidi kuwa ndogo, mpaka ikakoma. Nilijua kwamba hii haikutoka kwa Mgiriki.

Mama yangu akasimama. Filamu nzima ilikuwa imempita kama mvua juu ya bati, akasikia maneno yale mawili tu. Akasema kwa sauti, kwa Kishambaa, darasa zima likamsikia: "Yudith, kumbe yuko njiani. Twende nikabandike magimbi, atafika na njaa."

Ee Mungu wangu. Nilimkalisha, nikamshika mabega, nikalia pale pale bila aibu. Raheli naye akalia. Kwenye shuka yule muuaji hakupanda garimoshi. Alizunguka usiku na mchana akiziba masikio, mwisho akaenda mwenyewe polisi akanyoosha mikono. Nikafikiri, wewe Faustine, ya Mgiriki ulikuwa nayo tayari, daraja zuri, mauti ya kimya, muuaji amepona. Kwa nini uliibadilisha?

Walipofungua mablanketi na Sefania akaanza kueleza faida za kijiji kipya, mimi nilikuwa nimeshafika nyuma kwenye mashine. Faustine alikuwa akizungusha filamu irudi kwenye gurudumu lake.

"Maneno yale umeyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Maneno gani, dada?"

"Usinifanye mjinga. Naita kaya. Kiswahili cha Silvano kilikuwa safi, cha misheni, hakuwahi kuongea hivyo mbele yako. Ulimsikia wapi?"

Akalishika gurudumu lisizunguke. Kisha akasema, "Filamu hii nimeizungusha Dodoma, Iringa, kila mahali. Hakuna aliyeniuliza. Tanga ndio kwanza inaingia."

"Mimi ndiye nakuuliza."

Akaketi kwenye sanduku la mashine. "Kiswahili kilimwisha kule chini," akasema. "Tulikuwa tunapasua mti wa mkulo bila kibali, msitu wa serikali. Gogo liliteleza, haki ya Mungu, sikulisukuma. Lakini akaanza kuita. Akawa anaziita kaya, anawaita watu waje. Nikamwomba, Silvano, nyamaza, askari wa misitu wako karibu, watatufunga. Hanyamazi. Anazidi kuita. Nilitaka anyamaze tu, dada. Nilitaka anyamaze. Na tangu siku hiyo hajanyamaza. Kila nikilala anaziita kaya, na mimi nangoja zije."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumtukana, na matusi nayajua, muulize yeyote hapa. Nikajikuta nasema polepole.

"Faustine, hakuwa anaita mtu. Kwa Kishambaa alikuwa anakwambia anakwenda nyumbani. Basi. Ulimfukia mtu mzima mzima kwa sababu alikuwa anataka kwenda nyumbani."

Alinitazama. Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele ya macho yangu, siku ile niliona. Akasema, "Kwenda?"

"Kwenda. Waita hi? Unakwenda wapi? Salamu ya kila siku njiani huku. Umeishi na sisi, umekula kwetu, hukuwahi kuuliza."

Akaanza kulia kwa kukohoa, kama mtu aliyepaliwa. Sikumwonea huruma. Leo labda, siku ile hapana.

"Filamu yako," nikamwambia, "mwishoni muuaji anafanya nini?"

Akajipangusa uso kwa mkono wa suti.

"Nakuuliza! Wewe ndiye umeitunga. Haya, simama uigize."

Akasimama. Nilimwita Sefania, akaacha faida zake katikati, na Faustine akayarudia yote mbele ya mwenyekiti, akiwa amenyoosha mikono vile vile kama kwenye shuka. Siku hiyo hiyo alipelekwa Lushoto. Polisi walimteremsha hadi Muheza, wakampandisha Kwamkoro awaonyeshe shimo, ingawa mimi ningeweza kuwaonyesha, maana shimo nilikuwa nimeshaliona darasani. Walifukua. Chini ya gogo lililooza wakamkuta, na kando yake kikombe cha bati alichokikwaruzia jina lake mwenyewe kwa msumari.

Gari la kumleta halikupatikana, kwa hiyo aliletwa na Landrova ya sinema. Dereva alikuwa mtu mwema, alizima spika, akaendesha polepole kwenye makona yote ya kupandia huku. Jumapili jioni ikasimama mbele ya nyumba ya mama, nyumba ya pekee iliyobaki kilimani. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Nilikwishamweleza, lakini sikujua kama ameelewa. Nikamwekea kile kikombe mikononi. Akakipapasa kwa kidole gumba, herufi moja baada ya nyingine, yeye asiyejua kusoma.

"Kafika," akasema.

Tulimzika kabla jua halijazama, nyuma ya nyumba, migombani. Mchungaji alikuja, watu wa kijiji kipya wote walipanda kilima, na hatimaye tukalia kilio chetu kilichokuwa kimetukwama kooni miaka yote ile. Walipoondoka, mama alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akausukuma ukafunga, akaligonga lile komeo lenye kutu kwa kiganja mpaka likaingia mahali pake. Nilipolisikia likilia nilipiga magoti.

Jumatatu Sefania alikuja na vijana wake kuezua paa. Walikuta mama amefunga mizigo, chungu kichwani. Sefania akaanza kumpa pole, akamwambia anaweza kubaki kidogo amlilie mwanawe, wiki, hata mbili. Mama akamwambia hapana. "Mlikuwa mnataka nihame niiache nyumba bila mtu," akasema. "Sasa ina mwenyewe." Akashuka kilima akiwa ameshika bega langu, hakugeuka.

Wanasema Faustine alifungwa, wengine wanasema alifia huko huko. Filamu yake sikuisikia tena. Mama naye ameshakwenda, yuko kilimani na mwanawe.

Mimi nimebaki na jambo moja, na ndilo linaloniamsha. Ukungu ukishuka, nasikia mtu njiani anasema, naita kaya, naita kaya. Nainuka, natega sikio. Na kila mara sauti ni ile ya mwigizaji wa Dar es Salaam, kila silabi imenyooka. Ya kaka yangu, ile yenyewe, nimeitafuta kichwani kote, siipati.