Tangi la Nyakerario

Nyakerario alikuwa fundi wa matangi pale Kebirigo, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia tangi linalovuja. Leo hii, kando ya bwawa la samaki la Magwagwa, tangi lake lilikuwa linamwaibisha mchana kweupe.

Lilikuwa ndani ya mashua ya majaribio, ndogo kama kitanda. Mashua yenyewe, ile ya kubebea wagonjwa wa visiwani ziwani, ilikuwa imesimamishwa kazi: wimbi likiipiga ubavuni iliyumba hadi mgonjwa akaanguka. Sasa wagonjwa walivushwa kwa mitumbwi. Mhandisi Parth wa Kisii akashauri liwekwe tangi la maji kutoka ubavu hadi ubavu. Mashua ikilalia kulia, maji yachelewe kushoto, yaivute irudi.

"Maji ya kwenye mashua si huwa tunayachota tukayatupa?" aliuliza Cleophas, mkaguzi wa mashua, na watu wakacheka. Akaisukuma. Maji yakakimbilia kulekule ilikolalia, nusura ipinduke. "Nakupa nafasi moja tu zaidi, mama. Ikishindwa, ile kubwa haibebi mtu tena."

Nyakerario alikasirika, tena alijikasirikia mwenyewe. Alikuwa amelisugua tangi ndani likateleza, utadhani ni la maji ya kunywa. Maji yangeacha vipi kukimbia? Na yeye amekulia huku huku kwenye vilima! Nani hupanda kutoka mtoni na ndoo kichwani bila kutia majani juu? Usipotia, unafika nyumbani umelowa na ndoo iko nusu. Jambo analijua tangu utotoni, halafu anakuja kulisahau mbele ya mkaguzi.

Akakata matawi ya kichaka, akayabana katikati ya tangi.

"Sukuma, bwana mkaguzi. Chai si umekunywa?"

Cleophas akasukuma. Mashua ikalala, ikasita. Maji yakapenya polepole kwenye matawi, yakachelewa vilevile Parth alivyotaka, na mashua ikasimama wima. Akasukuma tena, mikono yote miwili, akalowa hadi viwikoni. Ikasimama. Parth, aliyekuwa amesimama ukingoni, alicheka huku machozi yakimtoka. Nyakerario naye akapiga kigelegele.

"Kwenye ile kubwa nitachomelea mabati yenye matundu," alisema. "Nipe siku tano."

Cleophas alijifuta mikono kwenye suruali, akapiga simu zahanati ya kisiwani. "Yule mama mwenye mimba ya mapacha," alisema, "mwambieni asipande mtumbwi. Wiki ijayo tunamfuata na mashua."